Bomba linapogonga usiku: namna ya kujua sauti inatoka wapi, kuinyamazisha, na kumpata fundi asiyebomoa ukuta bure

Mlio wa bomba hausomeki kwa mahali unaposikika, bali kwa wakati unapotokea. Tofali na zege hubeba sauti mbali: koki inayotetemeka jikoni husikika chumbani kana kwamba iko nyuma ya kitanda. Ndiyo maana fundi anayefika, akabandika sikio ukutani kisha akaomba patasi, anabahatisha kwa pesa yako. Kabla ya kumpigia mtu simu, ifuatilie kelele siku mbili tatu na uandike. Inakuja koki inapofunguliwa au inapofungwa? Maji yakiwa yanatoka, au watu wote wamelala na hakuna anayechota? Usiku tu? Maji yaliyokatika yanaporudi? Kwenye maji ya moto peke yake? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha kazi ya washa moja (kile kiraba kidogo cha ndani ya koki) na kazi ya kubadilisha laini nzima.

Kwa mtu wa Moshi kuna jambo la kuongeza. Mji umelala kwenye mteremko, na maji ya chemchemi za mlimani hushuka kwa mserereko, kama yanavyoshuka kwenye miradi ya vijijini kule Uru, Kibosho na Old Moshi. Kila mita 10 za kushuka huongeza bar 1 ya presha. Kwa hiyo nyumba mbili zilizo kwenye laini moja, moja ikiwa mita 30 chini ya nyingine, zinapishana bar 3 hata kama zimejengwa na fundi mmoja kwa vifaa vile vile. Mchana, watu wanapochota, maji hupoteza presha kwa kusuguana na bomba yakiwa njiani. Saa nane usiku hakuna anayechota, na presha yote ya mteremko inakuja kusimama kwenye koki yako. Bomba linalonyamaza mchana na kugonga usiku, hasa pande za chini kama Pasua, lichunguze kwa presha kabla ya kitu kingine chochote.

Vipimo vitatu vya kufanya mwenyewe

Unahitaji ndoo ya lita 20, saa ya simu, na geji ya presha ya bar 0 hadi 10. Geji nyingi zina uzi wa robo inchi, hivyo nunua pamoja na bushi ya kuitoa robo kwenda nusu ili ikae kwenye koki ya nje.

Anza na mita. Funga koki zote, funga na valvu inayopeleka maji kwenye simtanki, halafu tazama kile kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu kwenye uso wa mita. Kikizunguka hata polepole, maji yanatoka mahali. Mlio mwembamba wa "sss" nyumba ikiwa kimya karibu kila mara ni maji yanayovuja: choo kinachojaza bila kukoma, au kiungo kilichopasuka chini ya sakafu. Choo hupimwa kwa kutia rangi ya chakula au juisi ya unga kwenye tangi lake la juu. Ukisubiri dakika 15 bila kuflashi na rangi ikaonekana kwenye bakuli, raba ya chini imekufa. Hiyo raba ndiyo ya kubadilisha, si choo kizima kama baadhi ya wauzaji watakavyokushawishi.

Kipimo cha pili ni presha. Funga geji kwenye koki inayopata maji moja kwa moja kutoka kwenye mita, si ile ya kutoka tangini. Soma saa moja asubuhi, kisha soma tena usiku wa manane. Bar 2 hadi 4 ni presha ya nyumba. Ikivuka 5 usiku, unahitaji valvu ya kupunguza presha, hata kama leo hakuna kinachogonga. Floti, mipira ya kuunganishia sinki na hita ndivyo vitakavyoanza kulipuka kimoja kimoja.

Cha tatu ni ndoo. Fungua koki hadi mwisho na uhesabu sekunde hadi lita 20 zijae. Ikijaa kwa dakika moja kamili kupitia bomba la chuma la nusu inchi, maji yanakimbia karibu mita 1.6 kwa sekunde. Ikijaa kwa dakika hiyo hiyo kupitia PPR, yaani bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa, ya milimita 20, yanakimbia karibu mita 2.4. Tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya wengi. PPR huuzwa kwa kipimo cha nje: ile ya 20 ya daraja la PN20 (PN ni kiwango cha presha ya bomba) ina ukuta wa milimita 3.4, hivyo tundu lake ni milimita 13 hivi, wakati bomba la chuma la nusu inchi lina tundu la milimita 16. Mtu aliyeng'oa chuma kilichooza akaweka PPR ya 20 "kwa sababu ni nusu inchi" amebana njia, na maji yale yale sasa yanapita kwa kasi na kelele. Laini kuu ya ndani inatakiwa iwe 25 au 32, na 20 ibaki kwa tawi fupi la koki moja. Ukitaka nyumba kimya, kasi isizidi mita 1.5 kwenye laini zinazopita ukuta wa chumba cha kulala. Mita 2 kwingineko huvumilika.

Nyundo ya maji

Huu ndio ule mshindo wa "ko!" au "ko-ko-ko" mara koki inapofungwa. Maji yaliyojaa ndani ya mita 20 za bomba ni uzito unaotembea. Ukifunga ghafla, uzito huo hauna pa kwenda. Presha inapanda kwenye koki na wimbi linarudi nyuma, linagonga, linarudi tena. Kwenye bomba la chuma, maji ya mwendo wa mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo hupandisha presha kwa karibu bar 12 juu ya ile iliyokuwepo. Kwenye PPR ni kama bar 4, kwa sababu plastiki hutanuka kidogo. Lakini PPR ni nyepesi, na ikiwa haijafungwa klipu huruka yenyewe na kugonga tofali, hivyo sauti unayoisikia inaweza kuwa kubwa kuliko ya chuma.

Wanaosababisha ni wachache na wanajulikana: mashine ya kufulia, ambayo valvu yake ya umeme hufunga kufumba na kufumbua, koki za mkono mmoja za robo mzunguko, bolo valvu iliyowekwa mahali pa koki, na nonritani (valvu inayozuia maji kurudi nyuma) ya mlango, ile ya kibamba kinachoning'inia, pale pampu inapozima. Koki za zamani za kuzungusha mara tatu nne hazileti nyundo kirahisi kwa sababu mkono wenyewe unachukua muda. Kwa hiyo kama kelele ilianza wiki uliyobadilisha koki za jikoni kuwa za kisasa, usitafute mbali.

Fuata mpangilio huu, na usiruke hatua, maana ya kwanza ni bure.

Punguza mtiririko wa mtuhumiwa. Kila sinki na mashine ya kufulia inatakiwa iwe na valvu ndogo ya pembe chini yake. Ifunge nusu, kisha jaribu. Mashine ya kufulia haihitaji maji ya kasi. Itachukua dakika chache zaidi kujaa, basi.

Funga bomba lisicheze. PPR ya 20 ya maji baridi inahitaji klipu kila sentimita 60 hadi 80, ya moto kila sentimita 50 au 60, na klipu moja karibu na kila elbo na kila tii. Chuma cha nusu inchi kinatosheka na klipu kila mita 2. Elbo ya ukutani inayobeba koki lazima iwe ile yenye masikio, iliyokazwa kwa skrubu mbili na plagi. Mafundi wa haraka huishikilia kwa plasta tu. Baada ya mwaka plasta inalegea, na ukiitikisa koki kwa mkono bomba lote linasogea. Hilo ni jambo la nusu siku, na mara nyingi linamaliza kesi.

Punguza presha ya nyumba ikiwa geji imeonyesha zaidi ya 5. Valvu ya kupunguza presha hukaa baada ya mita, ikitanguliwa na geti valvu na chujio, mshale wake ukielekea nyumbani. Iweke kwenye bar 3. Kwa laini ya robo tatu orodha ya vifaa ni hii: valvu ya kupunguza presha 1, chujio 1, geti valvu 2, yunioni 2, nipeli 5 au 6, tii ya robo tatu yenye mdomo wa nusu 1, bushi ya nusu kwa robo 1, geji 1, na tepu nyeupe ya nyuzi roli 2. Chujio usiliache hata ukiambiwa si la lazima. Maji yanaporudi baada ya kukatika huja na kutu na mchanga, na punje moja ikikaa kwenye kiti cha valvu, presha ya usiku itapita kana kwamba hakuna kitu.

Ukimaliza hayo na bado mashine inagonga, ndipo uweke kitu cha kupokea pigo. Kuna kifaa cha kiwandani chenye pistoni au mpira na hewa iliyofungiwa ndani. Hufungwa kati ya koki na mpira wa mashine. Usipokipata madukani, fundi anaweza kutengeneza chumba cha hewa: tii karibu kabisa na koki ya mashine, na juu yake kipande cha bomba kilichosimama, sentimita 30 hadi 60, kipana saizi moja zaidi ya laini, kimezibwa juu. Hewa iliyomo ndani hubonyea na kulimeza pigo. Kasoro yake ni kwamba hewa huyeyuka polepole ndani ya maji, na baada ya miezi chumba kinajaa maji na mshindo unarudi. Dawa ni kufunga valvu kuu, kufungua koki ya juu na ya chini kabisa hadi laini ikauke, kisha kufungua tena taratibu. Chumba kikiwekwa mita tano kutoka kwenye mashine, hakina kazi.

Floti ya simtanki

Kama sauti ni ya kukoroma au kama honi ya lori kwa mbali, na inakuja tangi likikaribia kujaa, hiyo ni floti. Tundu linavyozidi kufinyika, maji yanapita kwa kasi, yanatikisa uso wa maji, mawimbi yanaupandisha na kuushusha mkono wa floti, na mkono unafungua na kufunga valvu mara nyingi kwa sekunde. Kuta za simtanki ni nyembamba, zinaitika kama ngoma. Familia inaamini bomba limeharibika chini ya nyumba, kumbe ngoma iko juu ya mnara.

Panda ukashike mkono wa floti kwa kidole. Sauti ikikoma, umeupata ugonjwa. Kisha:

Kaza pale floti inapoingia tangini, ukiweka bamba la chuma au plastiki nene ndani na nje ya ukuta ili usipepee. Bomba la kupandia lishikwe na klipu kwenye mnara wenyewe. Lisining'inie kwenye ukuta wa tangi. Kisha funga kopo la plastiki la nusu lita kwenye mkono wa floti, lining'inie ndani ya maji likiwa limejaa. Uzito wa maji hayo unauzuia mkono kutetemeka. Ni ujanja wa bei ya kamba tu, lakini unafanya kazi. Ikishindikana, badilisha washa ya floti, au floti nzima kwa ile iliyoandikwa presha kubwa. Floti ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa presha ndogo haitatulia kwenye bar 6.

Wapo wanaoshusha bomba la kujazia hadi chini ya maji ili kuondoa kelele ya kumwagika. Inasaidia, lakini mtandao wa mtaani ukiishiwa presha, maji ya tangi yako yanaweza kunyonywa kurudi nyuma. Toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba hilo, juu ya kiwango cha maji, ili hewa iingie na kukata mnyonyo.

Hewa

Maji yakikatika siku moja na kurudi, bomba hujaa hewa: koki inatema, inakohoa, inarusha. Mita nayo huzunguka kwa hewa kama inavyozunguka kwa maji, hivyo kuna faida ya kutokuwa wa kwanza kufungua. Maji yakikatika, funga valvu iliyo baada ya mita. Yakirudi, subiri yatulie kwa majirani, kisha anza na koki ya nje, ukimwaga maji ya rangi hadi yawe safi, ndipo uruhusu yaende tangini.

Kama hewa imeshanasa ndani, kwanza zima hita ya umeme kwenye swichi yake, isije ikawaka bila maji. Funga valvu kuu, fungua koki zote, flashi vyoo, na uache maji yaishe kupitia koki ya chini kuliko zote. Kisha rudisha koki zote ziwe zimefunguliwa robo, na ufungue valvu kuu kwa robo mzunguko. Kila koki ikianza kutoa maji mfululizo bila kutema, ifunge, ukianzia ya chini na kumalizia ya juu. Mwisho fungua valvu kuu yote.

Kwenye laini ya kutoka tangini tatizo ni jingine. Mnara wa mita 3 unatoa presha ya bar 0.3 tu, haitoshi kusukuma hewa iliyokaa kwenye nundu ya bomba. Dalili yake ni koki moja kutoa uzi wa maji wakati nyingine ziko sawa. Unganisha kwa mpira koki ya nje ya maji ya mtaani na ile koki iliyoziba, fungua zote mbili kwa dakika moja. Presha ya mtaani itairudisha hewa tangini. Fanya hivyo presha ya mtaani ikiwa nzuri tu, na utoe mpira mara moja. Kama tatizo linarudi kila wiki, bomba limepanda na kushuka njiani na hapo fundi anatakiwa alinyooshe au aweke kitoa hewa kwenye kilele cha nundu.

Kelele ndogo ndogo

Koki inayoimba ikifunguliwa kidogo ina washa iliyolegea; washa ya nusu inchi na dakika kumi zinatosha. Geti valvu inayopiga mluzi iko nusu: hiyo imetengenezwa kuwa wazi kabisa au kufungwa kabisa, na ukitaka kupunguza maji tumia valvu ya pembe. Hita inayonguruma kama birika ina tabaka la chokaa juu ya koili. Mlio wa "tik, tik" kwenye maji ya moto ni bomba linalorefuka: mita 10 za PPR zikipanda nyuzi 40 hurefuka sentimita 6, na kama klipu zote zimebana, bomba litasogea kwa vishindo. Klipu za maji ya moto ziache bomba liteleze, na kwenye kila mnyooko mrefu, hasa wa kutoka hita ya jua juu ya bati, pawe na kona au kitanzi cha kumeza huo urefu.

Pampu ya presha inayowaka na kuzima kila unapofungua koki kidogo imeishiwa hewa kwenye tangi lake dogo. Izime, toa maji yote, pima hewa kwa geji ya matairi kwenye kipira cha nyuma, pale pa kujazia hewa kama kwenye tairi. Kama swichi inawasha kwenye bar 1.4 na kuzima kwenye 2.8, hewa iwe 1.2 au 1.3, pampu ya baiskeli inatosha kuijaza. Ukibonyeza kipira yakatoka maji badala ya hewa, kibofu cha ndani kimepasuka. Pampu inayosikika kama ina kokoto tumboni inakosa maji ya kuvuta: bomba la kuvutia ni jembamba au chujio limeziba. Na usiifunge kwenye bomba la mamlaka moja kwa moja. Ivute kutoka tangini. Ikivuta kwenye mtandao inawakausha majirani na kuvuta matope kupitia kila kiungo kinachovuja mtaani.

Kumpata fundi

Ukiona tatizo liko kabla ya mita, au mita yenyewe inavuja, hapo fundi wa mtaani hana ruhusa ya kugusa. Hiyo ni kazi ya mamlaka ya maji, na Moshi mjini ni MUWSA. Ukiwapigia, waambie namba ya mita na usomaji wa geji wa usiku na wa mchana. Malalamiko yenye namba hujibiwa tofauti na "maji yanapiga kelele". Kama ni mpangaji, mjulishe mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi kabla hujaita mtu, ukiambatanisha video ya sauti, ili baadaye pasiwe na ubishi nani alipe.

Kwa kazi ya ndani, mafundi bomba wengi hupatikana kupitia duka la vifaa vya ujenzi. Ni njia ya haraka, ila ujue fundi na duka wana mahesabu yao. Njia nzuri zaidi ni nyumba ya jirani iliyobadilishiwa mabomba miaka miwili iliyopita na haivuji. Cheti cha VETA ni dalili nzuri, lakini kuunganisha na kutafuta ugonjwa ni ufundi wa aina mbili. Mtahini kabla hujakubaliana naye bei.

Muulize: "Fundi, utaanzia wapi?" Anayejua kazi atakuuliza maswali yale yale ya mwanzo, kisha atafunga valvu moja moja kutenga laini ya jikoni, ya bafu na ya tangi, hadi sauti inyamaze. Akijibu "tubadilishe laini yote" hata hajagusa mita, mshukuru na umpe nauli. Muulize pia kama ana geji na pampu ya kupimia. Halafu muulize PPR ya 20 anaichoma sekunde ngapi. Jibu ni sekunde 5 kwa mashine yenye joto la nyuzi 260, na 7 kwa bomba la 25, kisha anaiacha ipoe dakika 2 bila kuigusa wala kuizungusha. Swali hili lina uhusiano wa moja kwa moja na kelele. Bomba likichomwa kupita kiasi au kusukumwa ndani kupita alama, plastiki iliyoyeyuka hufanya pete ndani ya kiungo, tundu la milimita 13 linakuwa 7, na kiungo kinapiga mluzi hadi siku kitakapokatwa. Mwambie achome kiungo kimoja cha majaribio, mkikate kwa msumeno kwa urefu, mtazame ndani. Fundi mzuri hatachukia.

Hela ya kuja kuangalia ijadiliwe peke yake, na ikatwe kwenye ufundi kama atapewa kazi. Vifaa nunua mwenyewe kwa orodha yake, na udai risiti ya EFD. Cha juu kipo, na kukificha hakumsaidii mtu. Ni heri umwongezee ufundi waziwazi kuliko akuletee PN16 kwa bei ya PN20 kwenye laini ya maji ya moto. Orodha isiandikwe "elbo, tii, tepu". Iandikwe saizi, daraja na idadi: "elbo PPR 25 PN20, 8". Vinavyobaki vinarudishwa dukani, hivyo mkubaliane na muuzaji mapema.

Mapatano yaandikwe, hata kwenye ujumbe wa simu: laini zipi zinaguswa, siku ngapi, nani anaziba ukuta na kurudisha vigae, na atarudi bure kwa muda gani ikivuja. Kuziba ukuta ndiko kunakoleta ugomvi zaidi ya kitu chochote, kwa sababu fundi bomba anadhani ni kazi ya mwashi na wewe unadhani imo kwenye bei. Ufundi mpe theluthi anapoanza, theluthi baada ya kipimo cha presha, na salio baada ya wiki moja ya kutumia maji kawaida, mashine ya kufulia ikiwa imezungushwa walau mara mbili.

Kipimo cha presha kifanyike ukuta ukiwa bado wazi, angalau saa moja baada ya kiungo cha mwisho kuchomwa. Hita na pampu zitengwe, koki zizibwe kwa plagi, laini ijazwe maji na hewa yote itoke, kisha ipandishwe hadi mara moja na nusu ya presha ya kawaida. Bar 10 ni kiwango kizuri kwa nyumba nyingi za mjini. Mwanzoni mshale utashuka kidogo kwa sababu plastiki inatanuka, hivyo aipandishe tena. Baada ya hapo isimame nusu saa bila kushuka. Fundi akisema "nimefungua maji, haivuji", hicho si kipimo: presha ya saa kumi jioni si ya saa nane usiku.

Kabla mwashi hajaweka plasta, piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futi kamba kutoka kwenye kona na kutoka sakafuni, ili atakayetoboa tundu la rafu mwakani ajue bomba linapita sentimita ngapi. Hifadhi picha hizo pamoja na usomaji wa mita wa siku hiyo na bar uliyoiweka kwenye valvu ya presha.